Kata Bawaba, Acha Komeo

Ukiitwa kufungua mlango na polisi amesimama nyuma yako, usikate kufuli. Usikate komeo. Kata bawaba. Mlango utatoka mzima, komeo na kufuli yake vikiwa vimeshikana vilevile alivyoviacha aliyefunga. Kama una haraka ya kurudi kazini, soma hilo tu, ufunge daftari, uende.

Wengine kaeni. Mimi ni yule mzee mnayemwita Cheche, wa pale Gatina, kibanda chenye mageti yameegemezwa nje mpaka watu wanalalamika njia imekuwa nyembamba. Nimechomelea vyuma tangu nikiwa na ndevu tatu kidevuni mpaka macho yaliponiambia basi. Shule niliacha darasa la tatu. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Kazi yangu iko Kibera, iko Kawangware, iko mpaka kwa watu ambao mbwa wao hunywa maziwa, na sijawahi kuitwa kuambiwa geti limeanguka. Haya nimeandika kwa mkono wangu na binti yangu akanyoosha herufi. Makosa yale mengine nimemwambia asiyaguse.

Aliyenifundisha alikuwa Mnubi wa Makina, Mzee Ramadhani. Wakati huo hakukuwa na hizi mashine zenu ndogo mnabeba begani kama mkoba wa shule. Ile yake aliisuka mwenyewe kwa nyaya za shaba, akaiweka ndani ya sanduku la mbao, na ukiigusa vibaya ilikurusha mpaka kwa jirani. Kila mtu aliyekuja kutaka mlango, kabla hata ya kushika futi, mzee alimuuliza swali moja: "Ndani atakaa nani?"

Wateja walikasirika. Mtu anataka mlango, unamuuliza mambo ya nyumbani kwake. Lakini mzee hakupima mpaka ajibiwe. Ukisema ndani kuna unga na sukari, komeo linakaa nje. Ukisema ndani kuna watu, komeo linakaa ndani. Siku moja alikuja jamaa wa suti akasema, "Ndani atakaa mama yangu. Amezeeka, anapotea njia, kwa hivyo komeo weka nje." Mzee Ramadhani akakunja futi akairudisha mfukoni. "Baba, wewe hutaki mlango. Wewe unataka kiti. Nunua kiti ukae naye." Jamaa akaenda akitukana. Mimi nilicheka, nikadhani mzee anafukuza riziki.

Sasa niwaambie nilivyolisahau swali hilo siku moja tu.

Alikuja mtu tulimjua kama Baba Ivy. Alipanga kwenye ploti ya ghorofa, karibu tu na kibanda changu. Shati safi kila siku, viatu vinang'aa, anasalimia mpaka watoto. Akasema, "Fundi, niwekee komeo la nje, zito. Nikitoka kazini nachelewa, wezi wa huku unawajua." Nilikuwa nasikiliza mpira kwa redio. Nikapima, nikakata chuma, nikatoboa tundu la kufuli, na timu yetu ikafungwa bao, nikatoboa pabaya. Nikaziba tundu lile kwa moto, nikatoboa lingine kando yake. Mpini nao niliukata mfupi, ikabidi niukunje juu kama kidole kidogo cha mtu anayekunywa chai kwa wazungu. Kazi mbaya kwa macho lakini imara. Sikumuuliza ndani atakaa nani. Shati lake lilikuwa limeshanijibu.

Ndani alikaa Mama Ivy, jina lake Rose, na mtoto wa miaka mitano.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, polisi kijana akafika kibandani, jasho linamtoka. "Fundi, beba grainda. Kuna mtu amefungiwa." Tukaenda mbio. Ploti ile naijua, ngazi naijua, na tulipofika mlangoni nikaona ule mpini uliokunjwa, na kufuli kubwa kama ngumi inaning'inia kwenye tundu langu la pili.

Mama Otis, anayeuza mboga chini ya ploti, ndiye aliyekuwa ameita polisi. Alikuwa amesikia kijiko kinagonga sakafu juu yake, kinagonga kinanyamaza, akapanda kuangalia, Rose akaongea naye kwa upenyo wa chini ya mlango. Siku nne. Mume akiondoka asubuhi anafunga kwa nje, akirudi anafungua, anapiga, anafunga tena. Chakula kilikuwepo, alisema. Maji yaliisha siku ya pili, jirani mwingine akawa anapitisha kwa mrija kwenye upenyo huo huo na kuogopa kusema.

Mama Otis alikuwa amesimama hapo mikono kiunoni. "Hebu niambie, fundi, ni mjinga gani aliweka komeo nje ya nyumba ya watu?"

Nikawasha grainda. Mashine ikilia huulizwi kitu.

Nikakata kufuli, nikakata na komeo lenyewe lilipoingia kwenye jicho la fremu. Diski ilikuwa imeisha, ikakata upande-upande. Mlango ukafunguka. Rose akatoka ameshika fremu kwa mikono miwili, uso umevimba upande mmoja, mtoto ameng'ang'ania kanga yake. Nilingoja alie. Hakulia. Akamwangalia Mama Otis akauliza, "Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, mama."

Akahesabu kwa vidole. "Ivy amekosa shule siku nne."

Polisi akampeleka hospitali. Mimi nikabaki kukusanya waya. Mwenye ploti akaja, hakuuliza kuhusu mama wala mtoto, akasema, "Cheche, toa hiyo takataka yote kwa mlango wangu, napaka rangi jioni." Nikalitoa komeo nikalitia kwenye mfuko wangu wa vyuma; jicho na kipande kilichobaki kwenye fremu nikaviacha. Nyinyi ni mafundi, mnajua. Chuma hakitupwi. Komeo zito kama lile linangoja mlango mwingine tu. Wala polisi hakuniambia niliache, wala mimi sikuuliza. Yeye alikuwa na haraka ya hospitali na mimi nilikuwa na haraka ya kulificha.

Ndiyo, kulificha. Nimeandika hilo neno, binti yangu akauliza kama alitoe, nikamwambia liache.

Hospitali walimtibu bila kumlipisha, daktari akaandika majeraha kwenye fomu, na mume akakamatwa kazini kwake na lile shati safi. Hayo serikali ilifanya na nayasifu. Lakini jioni Rose alikuwa bado ameketi kwa benchi ya kituo na mtoto amelala mapajani, kwa sababu hakuna aliyejua aende wapi. Nyumba ile hangerudi. Kwao ni mbali. Fomu za kujaza zilikuwa nyingi, kitanda hakikuwepo hata kimoja. Wamama wa kanisa lake ndio walikuja kumchukua. Mimi sikusoma, lakini najua kupima, na ukimtoa mtu ndani ya moto ukamwacha kwa benchi, hujamaliza kupima.

Miezi ikapita tena. Siku moja mchana nachomelea dirisha, naona viatu vya polisi vimesimama mbele ya cheche zangu. Nikavua miwani. Alikuwa mwanamke, mrefu, amebeba faili. Akasema anaitwa Koplo Halima, ni mpya kwenye dawati la jinsia, ndiyo meza ya kituo inayoshughulikia watu wanaopigwa nyumbani. Faili ya Rose alikuwa ameirithi.

"Mzee, wewe ndiye ulikata ule mlango?"

"Ni mimi, afande."

"Na hakuna mtu aliandika jina lako popote. Nimekutafuta kwa kuuliza watu wa mboga." Akaketi kwenye geti bila kukaribishwa. "Sikia. Tumetoka kortini leo. Huyu mtu amesema komeo lilikuwa la ndani. Eti bibi yake alijifungia kwa hasira, akaanguka juu ya meza. Mlango umepakwa rangi. Yule jirani wa mrija amehama, simu haipatikani. Yule polisi kijana amehamishwa kituo, na kwenye ripoti yake hakuandika komeo lilikuwa upande gani. Mama Otis aliita polisi, lakini wakili anasema alikuwa chini, mlango aliona umeshavunjwa."

"Huo ni uongo! Alisimama nyuma yangu akinitukana!"

"Alikutukana kwa nini?"

Vijana, hapo ndipo ningeweza kusema lolote. Ningesema wamama wa mboga wana mdomo. Ningerudisha miwani machoni, koplo angeenda. Lakini akaongeza, "Hakimu ametupa wiki mbili. Kiongozi wa mashtaka anataka hilo komeo. Likikosekana, huyu mtu anaachiliwa. Na ameshaanza kuuliza wamama wa kanisa Rose amehamia wapi."

Nikazima mashine. "Alinitukana kwa sababu aliuliza ni mjinga gani aliliweka. Ni mimi."

Akafungua kalamu. "Haya. Liko wapi?"

"Liko kwa mlango."

"Mlango gani?"

"Hapo sasa sijui."

"Mzee!"

"Nililitumia tena. Sikumbuki kwa nani."

"Umechukua ushahidi wa serikali ukaweka kwa mlango wa mtu?"

"Afande, kwetu sisi hicho ni chuma."

Akaangalia juu kana kwamba kuna mtu anaongea naye huko, akaniambia niingie kibandani nivae shati.

Mimi sijawahi kuweka daftari la kazi. Kazi yangu naijua kwa macho. Kila fundi ana mkono wake, hata nyinyi. Mwingine moto wake unalala kama magamba ya samaki, mwingine kama mavi ya mbuzi. Wangu unapinda kushoto kidogo mwishoni, kwa sababu kidole hiki kilivunjika nikiwa kwa Mzee Ramadhani. Nikamwambia koplo, tutafute mpini uliokunjwa juu, tundu moja limezibwa, moto umepinda kushoto. Akaandika. Kila tukitoka nyumba moja ananiuliza tena, na mimi namwambia tena, mpaka akawa analijua komeo lile kuliko mimi.

Tulizunguka siku sita. Tulienda kwa mama wa kuku Gatina, akadhani tumekuja kukamata kuku. Tulienda kwa kinyozi, wateja wawili wakatoka mbio nusu wamenyolewa. "Cheche amekuwa karao siku hizi!" wakapiga kelele. Tulienda kwa mtu wa bucha, kwa mchungaji, kwa ghala la makaa. Tukavuka mpaka Kibera, nikapita Makina mbele ya pale kibanda cha mzee wangu kilipokuwa, siku hizi wanauza simu, nikatazama upande mwingine. Tukashuka mpaka Ayany kwa mwalimu mmoja niliyemtengenezea stoo. Makomeo yangu yote yalikuwepo yamekaa imara, nikawa najisifu, koplo akaniambia, "Mzee, leo ningefurahi kuona moja limeng'oka."

Siku ya sita akasema twende kwa chifu, tumwombe atangaze kwenye baraza, labda mtu alione kwake. Ofisi ya chifu huyo sitaitaja. Mimi sikutaka kwenda, na sikutaka kwa sababu ya Rose. Mama Otis alikuwa ameniambia Rose alikwenda pale mara tatu kabla ya mlango kukatwa. Mara zote tatu chifu aliwaketisha na wazee wa mtaa wawili, mume akaomba msamaha vizuri sana, wakashikana mikono, mume akanunulia wazee soda, na Rose akarudishwa nyumbani. Ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Ukiona kreti ya soda nje ya ofisi ya chifu, ujue kuna mwanamke ameambiwa avumilie.

Chifu alitusikiliza akizungusha kalamu. "Hii mambo ya bwana na bibi, koplo, mkiivuta sana inakatika."

"Ilishakatika, chifu. Kwa grainda," koplo akamjibu. Kisha akaomba kwenda msalani.

Tukabaki wawili, hatuangaliani. Dakika mbili hazijaisha, tukasikia kelele kutoka nyuma ya ofisi.

"Mzee Cheche! Mzee Cheche! Kuja hapa sasa hivi!"

Nilidhani nyoka. Nikakimbia, chifu nyuma yangu na kofia yake mkononi. Mlango wa choo umefungwa, koplo yuko ndani.

"Afande, kuna nini?"

"Mpini umekunjwa juu!"

"Nini?"

"Tundu moja limezibwa! Moto umepinda kushoto! Mzee, nimejifungia na ushahidi!"

Nikakumbuka. Walikuwa wameniita kurekebisha mlango wa choo cha ofisi, wakati wa mvua, na nilikuwa na komeo zito mfukoni. Siku sita zote serikali ilikuwa inatafuta komeo, na serikali hiyo hiyo inalifunga kila siku ikienda haja.

Koplo akatoka, uso umejaa furaha kama aliyepata mtoto. Nikamwambia chifu nakwenda kuleta mashine. Chifu akavaa kofia. "Hapana. Hiyo ni mali ya ofisi. Huwezi ng'oa kitu ya serikali bila barua."

"Barua kutoka kwa nani?" koplo akauliza.

"Kutoka kwa chifu."

"Si ni wewe?"

Akasimama pale. Nilimwona akitafuta pa kupitia. Nikamwambia, na siku hiyo nilimwambia kama mtu mzima kwa mtu mzima, "Chifu, mimi ndiye niliyelitengeneza hilo komeo. Nililiweka nje ya mlango wa yule mama. Nitasimama kortini niseme hivyo mbele ya watu. Wewe unaogopa choo?"

Akaingia ofisini. Tukadhani ametukasirikia. Kumbe alikuwa anaandika barua, akaipiga muhuri, akatoka, na mkononi ameshika daftari kubwa la ofisi yake, limefunguliwa. Akamwonyesha koplo. Mara tatu, jina la Rose, na mbele yake kila mara: "Wamepatanishwa, wamerudi nyumbani." Mara ya tatu alikuwa ameongeza: "Analalamika anafungiwa kwa nje."

Kwa nje. Imeandikwa hapo, kwa wino, miezi kabla ya mlango kukatwa.

Koplo alisema pole pole, "Chifu, hii naihitaji."

"Sitakupa," chifu akasema. "Nitaileta kortini mwenyewe. Mwandiko ni wangu."

Mimi nilikuwa nimekuja pale nikimdharau mtu huyo, na bado sijamsamehe zile soda. Lakini nimeona wakubwa wengi wakipoteza daftari, na huyu alilibeba.

Safari hii nilikata vizuri. Nilitoa komeo bila kugusa ule upande nilioukata siku ya kwanza. Koplo akalitia kwenye mfuko wa karatasi, akaandika tarehe, akanipa nitie sahihi. Kisha tukaenda kwenye ile ploti na karatasi ya korti, nikatoa na jicho lililobaki kwenye fremu, upande wa nje, chini ya rangi. Mwenye ploti akapiga kelele kuhusu rangi yake. Koplo akamwambia awe tayari kuja kueleza haraka ya kupaka ilitoka wapi.

Siku ya kesi nilivaa koti la harusi ya mwanangu. Rose alikaa mstari wa mbele, Mama Otis pembeni yake kama ukuta. Wakili wa yule bwana alikuwa kijana mwenye sauti nzuri.

"Mzee, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Na unataka korti iamini unaweza kutambua kipande cha chuma kati ya vyuma vyote vya Nairobi?"

"Wewe ukiona sahihi yako unaitambua?"

"Bila shaka."

"Basi hiyo ni sahihi yangu, na mimi nimetia nyingi kuliko wewe."

Watu wakacheka, hakimu akawanyamazisha. Akaniambia nionyeshe. Nikachukua komeo mkono wa kulia, jicho la fremu mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekata upande-upande kwa sababu ya diski kuisha, mnakumbuka. Nikaleta vipande viwili pamoja mbele ya hakimu, na vikakaa, mteremko kwa mteremko, bila upenyo. Ukivishika hivyo, komeo haliwezi kukaa popote isipokuwa nje ya mlango. Hakimu akaomba avishike mwenyewe. Akavijaribu mara tatu.

Wakili akabadilisha njia. "Kwa hivyo ni wewe uliyemtengenezea mama huyu jela?"

Kumbukeni Rose yuko pale. Hakuwahi kuambiwa. Alikuwa akinisalimia vizuri kila tulipokutana kwa koplo.

"Ni mimi."

"Mteja wangu alikuambia uliweke nje?"

"Aliniambia."

"Nawe ukakubali. Hukuuliza mke wake?"

"Sikuuliza. Nilifundishwa kuuliza, na sikuuliza. Ndiyo maana nimekuja."

Akakaa chini. Nilitoka kizimbani, sikumtazama Rose. Baada yangu chifu alisimama na daftari lake, akasoma mistari yake mitatu kwa sauti ambayo hata mimi nilimwonea uchungu. Alipofika "kwa nje", alirudia bila kuambiwa.

Yule bwana alifungwa. Hakimu akatoa na amri kwamba hata akitoka, asimkaribie Rose wala mtoto, na koplo akamwandikia Rose nakala ya kutembea nayo.

Tangu siku hiyo dawati la kituo lilikuwa likiniita, na kila mara nilienda na masharti yangu. Sikati bila afisa na namba ya kitabu cha kituo. Mwenye nyumba hapaki rangi mpaka mlango na fremu vipimwe. Nakata bawaba, mlango mzima unabebwa kituoni, ikibidi na mkokoteni. Vijana wa polisi walikuwa wakilalamika milango ni mizito. Nikawaambia kuna mama amebeba mzito zaidi, inua upande wako. Na wateja wangu nikaanza kuwauliza wote, wenye shati safi kwanza: ndani atakaa nani?

Mtu atawaambia kuzuia wanawake wasipigwe ni kazi ya serikali, si ya fundi. Ni kweli ni kazi ya serikali, na msiiachilie. Daini benchi lile liwe kitanda. Daini chifu aandike na apeleke, badala ya kuandika na kufunga daftari. Lakini serikali niliyoiona mimi ilikuwa daktari, koplo, chifu na hakimu, na kila mmoja alikuwa na kipande chake tu mkononi. Kimoja kilikuwa kwangu, na nilikuwa nimekificha kwenye mfuko wa vyuma.

Rose alikuja kibandani wiki chache baada ya kesi. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno.

"Mama Ivy, mimi—"

"Nimepata chumba Kibera, upande wa Ayany," akasema. "Mlango wake ni wa mbao, mbovu. Nataka wa chuma."

"Nitakutengenezea bure."

"Sitaki bure. Nataka uniulize."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Ndani atakaa nani?"

"Mimi na Ivy."

Nikaufanya mlango ule siku mbili, redio imezimwa. Bawaba za ndani, zisizokatwa kwa nje. Komeo moja juu, moja chini, na la tatu katikati, chini kidogo, pale mkono wa mtoto unapofika. Nikaubeba mpaka Ayany, nikaufunga, nikapiga msasa mpini usimkwaruze mtu. Akaniambia nitoke nje. Nikatoka. Nikasikia makomeo matatu yakiingia, moja baada ya jingine, la mwisho kwa nguvu ndogo, nikajua ni Ivy.

"Mzee Cheche, sukuma."

Nikasukuma.

"Hivyo ndivyo wale wazee wa soda husukuma. Sukuma kama mtu amekasirika."

Nikarudi nyuma hatua nne, umri huu, nikajirusha kwa bega langu lote. Mlango haukusema hata kitu. Bega linaniuma mpaka leo mvua ikija.

Ndani, mtoto alicheka. "Mama, ameshindwa!" Kisha Rose naye akacheka, nikasimama pale kwenye korido nimeshika bega, nikingoja, kwa sababu kufungua hakukuwa juu yangu.